Kichocheo Chetu Hakikuwa Kidonge

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam nimeulizwa na watu wengi, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa sababu hasira hunipanda kabla sijafika katikati. Shemeji yangu wa Gare kasikia hivi, walimu wenzangu wamesikia vile, na yupo rafiki mmoja aliyenipa pongezi nikashindwa hata kumtazama usoni. Basi naandika mara moja, kwa kufuata njia tuliyoipita, ili anayetaka kujua asome na mimi nipumzike kusimulia.

Mlola hadi Mombo

Kwa asiyejua, mjomba wangu Mzee Hoza ana mashine ya kusaga nafaka katika kitongoji chetu, juu ya Mlola. Injini yake ni ya dizeli, ya zamani, na dizeli yenyewe tangu biashara ya mafuta iachiwe kila mwenye mtaji hujui imetoka wapi wala imechanganywa na nini. Inatoa moshi mweusi unaonuka kama kiberiti, na moshi huo unaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya zahanati, chumba kile kile ambacho kina mama wanajifungulia. Bwana Afya alikuja, akasimama uani akikohoa, akasema moshi usipokwisha kabla ya mavuno mashine itafungwa. Mashine nyingine ya karibu iko ng'ambo ya mlima. Ukitoka na mahindi kichwani asubuhi, unarudi na unga jua likizama.

Mimi nafundisha kemia. Nilianza kujaribu na mbegu za mbono, ile miti ya uzio inayoota kule chini kwenye joto ambayo hata mbuzi hawaigusi. Unakamua mafuta, unayapasha moto kidogo, unatia spiriti ya maabara iliyoyeyushiwa kostiki ya kutengenezea sabuni, unakoroga na kuacha yatulie. Uzito wote unazama chini, na juu yanabaki mafuta mepesi ya rangi ya asali. Unayaosha kwa maji, unayakausha, unaweka kwenye injini. Kostiki ndiyo kichocheo. Inaharakisha kazi, kisha inaondolewa, yenyewe haiendi kuungua. Tulipoyajaribu, mhudumu wa zahanati alitoka nje kuangalia kama mashine imeharibika, maana aliisikia ikinguruma na hauoni moshi.

Shida yetu ilikuwa kukamua. Kwa kinu na mikono hupati mafuta ya kusagia hata wiki moja. Ndipo redio ikatangaza kwamba kampuni moja inayoingiza mafuta nchini inawaalika wote wenye njia za kupata dizeli safi waje waonyeshe, na atakayefanya vizuri atasaidiwa vifaa. Mjomba aliposikia neno vifaa aliona mashine ya kukamulia. Mimi pia niliiona.

Tukashuka Lushoto na dumu la mafuta yetu, chupa ya spiriti, na kopo la kostiki ambalo nililiandika kwa kalamu nene, KICHOCHEO, ili wageni wa maonyesho waelewe. Kondakta wa basi aliligombania dumu, akidai litavuja na kunuka, wakati basi lake lenyewe lilikuwa likitoa wingu jeusi hapo tulipokuwa tumesimama. Nilimwambia hivyo. Hakupenda, akalirusha juu ya keria kama gunia la kabichi. Soni tukasimama muda mrefu injini ipoe. Mjomba alikula magimbi aliyofungiwa na shangazi, akawagawia majirani, na kila aliyeuliza tunakwenda wapi alimjibu kwa fahari kwamba anampeleka mpwa wake akaonyeshe elimu. Sikuwahi kumsikia akinisifu kabla ya siku hiyo.

Kizuizini

Pale Mombo tulipanda basi la Dar, na mbele ya safari, sitasema ni wapi, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Mnajua mwaka huu ni wa uchaguzi, na askari walikuwa wakipekua mizigo yote. Askari kijana akafungua kikapu changu, akatoa kopo, akasoma kwa sauti ili basi zima lisikie.

“Kichocheo,” akasema. “Unamchochea nani, mama?”

Nilidhani anatania, nikacheka. Hilo lilikuwa kosa. Tuliteremshwa, tukapelekwa kwenye kibanda cha mabati, na basi likaondoka baada ya kututupia dumu letu chini. Nikaeleza kwamba kichocheo ni neno la kemia. Akaniuliza kama ni kemia, kwa nini nimeandika Kiswahili. Nikamwambia ili watu waelewe. Akasema hapo ndipo penye tatizo, nataka watu waelewe nini.

Mjomba alijaribu kuingilia kwa adabu, akaambiwa anyamaze. Mtu wa umri wake, ambaye kwetu hata mwenyekiti wa kijiji humpa shikamoo kwanza, aliambiwa anyamaze na kijana ambaye hakumsalimia. Akanyamaza. Kisha yule kijana akafungua chupa, akanusa, akasema hii ni gongo. Akafungua kopo na kuchovya kidole ili aonje. Nilimshika mkono kwa nguvu. Kostiki ingemchuna ulimi. Basi nikawa pia nimemshambulia askari akiwa kazini.

Nje ya kibanda alikuwepo mama muuza chakula. Alituletea wali na maharage, akakataa shukrani zetu, kisha akaniinamia sikioni na kuniambia nisiogope, na yeye amechoka vilevile, tena mtaani kwao wote wamechoka. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba mimi nasafiri kwa ajili ya moshi. Niliitikia kwa kichwa tu, akanibana bega.

Mkubwa wao alipofika mchana alilitambua kopo mara moja, kwa sababu mkewe anatengeneza sabuni. Alicheka mpaka akaketi. Aliturudishia dumu, akamwambia kijana atuombe radhi, na kijana akaomba akiwa anatazama barabarani. Lakini kopo na chupa wakabaki navyo, eti ni vielelezo mpaka taarifa iandikwe, tuvichukue tukirudi. Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyokwenda kuonyeshea, bila hivyo sitaweza kutengeneza mafuta mbele ya watu. Akasema nishukuru naondoka. Kumbukeni kopo hilo lilivyobaki kibandani, kwa maana yaliyonipata ukumbini yasingewezekana kama ningekuwa nalo mkononi.

Juu ya vitunguu

Mabasi yote yalipita yamejaa. Aliyetuchukua ni dereva wa lori la vitunguu, Iddi, mtu wa maneno mengi. Alimweka mjomba mbele, na mimi nikabanana nao na dumu miguuni. Njia nzima alitusimulia habari za mafuta. Zamani, alisema, ulikuwa unalalamika mafuta hayapo. Siku hizi yapo kila kona, na chujio analibadili kama soksi. Kuna kituo aliwahi kujaza, lori likazima kabla halijatoka uani, na mwenye kituo akamwambia soko ni huria, angejaza kwingine.

Tulipokuwa tunapanda vilima nilitazama nyuma kwenye kioo nikaona moshi wetu umefunika barabara, na ndani ya moshi huo mwendesha baiskeli akitokeza na kupotea. Nilimweleza Iddi kuhusu salfa iliyomo kwenye dizeli mbaya. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, mwishoni akaniomba nimmiminie mafuta yetu kwenye tangi lake aone. Nilimkatalia, nikaona vibaya, maana alitubeba bure. Tulishuka Dar tukinuka vitunguu hata kwenye nywele.

Buguruni

Tulifikia kwa Zaina, binti wa mjomba, aliyeolewa Buguruni. Alitupokea kwa furaha, akatuandalia maji ya kuoga. Nilipotoka bafuni nikasikia harufu ninayoijua. Zaina alikuwa amekuta dumu limejaa mafuta mazuri ya rangi ya asali, akaamini baba yake amemletea mafuta ya kupikia kutoka nyumbani, na alikuwa ameshamimina kikaangoni na kutumbukiza samaki.

Nilikimbia nikachukua kikaango jikoni na kukimwaga nje, samaki na vyote. Mbono ni sumu, jamani. Lakini Zaina hakujua, aliona tu mgeni ametupa chakula cha watu mbele ya majirani. Alilia. Mumewe aliporudi alikuta nyumba imenuna. Mjomba ndiye aliyeketi na binti yake akamweleza polepole kwa Kishambaa, na tukala ugali na mchicha. Nilijilaumu kwa kutoandika chochote kwenye dumu, kisha nikakumbuka yaliyonipata kwa kuandika kwenye kopo.

Ukumbini

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa hoteli. Hapakuwa na wabunifu wengine ila sisi. Hilo lilipaswa kunishtua. Palikuwa na viti vyenye vitambaa, waandishi wa habari, wenye malori, na nje ya mlango mkubwa jenereta mbili ndogo. Meneja masoko wa kampuni, kijana mwenye suti na sauti tamu, alimwamkia mjomba shikamoo kwa kuinama, akaniita mwalimu kwa heshima, na baada ya yale ya kizuizini nakiri nililainika. Nilimweleza kwamba sina kostiki wala spiriti, vimezuiliwa njiani, kwa hiyo nitaonyesha mafuta tu. Akasema hakuna shida, tena ni vizuri zaidi.

Jenereta ya kwanza ikatiwa dizeli ya kawaida. Mtu akashika kitambaa cheupe mbele ya bomba, kikawa cheusi. Ya pili ikatiwa mafuta yetu. Kitambaa kikatoka cheupe, watu wakapiga makofi. Mjomba alisimama wima kama askari. Nikapewa maikrofoni nieleze kwa kifupi, nikaeleza mbono, spiriti, na kwamba kinachowezesha yote ni kichocheo. Nilipofika kwenye neno hilo meneja akaichukua maikrofoni mkononi mwangu, kwa upole, akitabasamu.

“Mmemsikia mwalimu mwenyewe,” akasema. “Siri ni kichocheo. Na kichocheo, ndugu zangu, ndicho hiki.”

Akainua chupa ya vidonge vya rangi ya chungwa. Akasema kidonge kimoja ndani ya tangi kinageuza dizeli yoyote kuwa safi, wataalamu wa ng'ambo wameshathibitisha, na leo mmeona kwa macho jinsi wakulima wetu wa Usambara walivyofanikiwa nacho. Vimeshaingia nchini na vinauzwa pale mlangoni.

Kwa muda nilidhani amekosea. Askari wa kizuizini alikosea kwa sababu hakulijua neno. Lakini nilipomtazama huyu usoni niliona analijua sana. Nikasogea, nikaishika maikrofoni naye akiwa ameishika.

“Kichocheo chetu ni kostiki ya sabuni,” nikasema. “Hakiingii kwenye tangi. Kinafanya kazi yake Mlola, tunakiosha, kinabaki hukohuko. Vidonge hivi nimeviona leo kama ninyi.”

Sauti ikakatwa. Lakini aliyezoea kufundisha darasa lililojaa mpaka dirishani hahitaji maikrofoni. Niliendelea. Nikawaambia kwamba hata viwanda vikubwa vinavyosafisha dizeli vinatumia vichocheo kweli, lakini huko mafuta hupitishwa pamoja na gesi ya haidrojeni juu ya punje za kichocheo, ndani ya mitungi ya chuma, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ndipo salfa itoke. Hakuna kidonge kitakachofanya hayo kwenye tangi la lori linalopanda Soni. Kisha nikamwambia meneja atie kidonge kimoja kwenye jenereta ile ya kwanza, awashe, tutazame.

Akaangalia saa yake. Akasema muda hauruhusu, chakula kiko tayari, na mwalimu amechoka na safari.

Watu wakainuka. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko yote. Hawakubisha, hawakuuliza. Walikwenda kwenye wali na kuku. Waandishi walikuwa wameshatoka tangu makofi ya kwanza. Mwenye lori mmoja alinipita akaniambia kwa huruma kwamba nisingekuwa mkali angenielewa.

Nilipokuwa namtafuta mjomba niliona mwanga wa kamera upande wa mlangoni. Alikuwa amesimama na meneja, na mikononi, kifuani kabisa, amekumbatia katoni ya vidonge.

Ubungo hadi Mombo

Asubuhi yake stendi ya Ubungo picha ilikuwa gazetini. Mjomba, kanzu yake nzuri, katoni, na chini yake maneno kwamba wakulima wa Lushoto wameshuhudia maajabu ya kidonge cha dizeli. Jina langu lilikuwemo, na shule yangu. Sikusema na mjomba mpaka tulipopita Chalinze. Katoni ilikuwa magotini mwake.

“Mjomba, ulijua ni uongo?”

“Nilijua.”

“Sasa kwa nini ulipokea?”

“Nilikuwa kwa watu,” akasema. “Nimekula chakula chao. Mtu amenyoosha mikono miwili mbele ya kadamnasi, nimrudishie kifuani?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Wewe unaweza. Mimi mwili ulikataa.”

Nilikuwa na maneno mengi nikayameza, kwa sababu ni kaka wa mama yangu na kwa sababu alikuwa amegeukia dirishani. Tulinunua machungwa Segera, akanimenyea moja kama nilipokuwa mdogo. Nililila. Hasira haikuisha.

Kwenye kile kizuizi niliomba basi lisimame nikaulizia kopo na chupa. Askari walikuwa wengine. Hakuna aliyejua taarifa yoyote, na mmoja akanishauri ninunue kostiki nyingine kwa kuwa siku hizi inauzwa kila mahali.

Kupanda mlima

Gazeti lilikuwa limetutangulia. Lushoto stendi wenye malori ya mboga walimzunguka mjomba wakitaka vidonge, na dereva mmoja niliyemfundisha alinipa shikamoo na kuniambia ameshaagiza vyake Tanga, kwa sababu ameona jina la mwalimu wake. Nilimweleza pale pale. Alinisikiliza kwa heshima zote, akasema sawa mwalimu, na nikaona kwamba hakuniamini.

Mlola yalinisubiri makubwa zaidi. Bwana Afya alikuwa ameitisha mkutano. Picha ya gazeti alikuwa nayo, akaipitisha kwa watu, akatangaza kwamba mashine haitafungwa tena, maadamu Mzee Hoza sasa anatumia vidonge vinavyotambulika. Ila yale mafuta ya mwalimu, akasema, yasitumike, kwa kuwa hayajathibitishwa na mtu yeyote.

Kina mama walishangilia. Nikasimama, nikasema yote, kuanzia kopo mpaka maikrofoni. Bwana Afya alinisubiri nimalize.

“Mwalimu,” akasema, “mjomba wako ameshinda. Sasa wewe unabishana na nini?”

Jibu refu nilikuwa nimeshalitoa. Nikaketi. Ndipo mjomba akainuka. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alianza kwa Kiswahili kwa ajili ya Bwana Afya.

“Picha ni yangu. Na kimya kilikuwa changu. Vidonge hivi sivijui. Siwezi kuwapelekea wazazi pale zahanati moshi uleule halafu niuite dawa. Nafunga mashine mwenyewe mpaka mbono za kutosha zipatikane. Nitakapoifungua nitatia mafuta ya huyu mtoto wa dada yangu, na anayetaka kunishtaki anishtaki.”

Akarudia kwa Kishambaa ili pasiwe na asiyeelewa. Bwana Afya alikunja gazeti lake, akasema mkutano umekwisha. Katoni mjomba aliitumbukiza chooni siku ileile.

Msidhani tulishangiliwa. Tulitukanwa. Kina mama walibeba mahindi yao ng'ambo ya mlima, wakirudi jioni wanapita mbele ya nyumba yangu na unga kichwani, na hawanisalimii. Mama Mbazi, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alisimama mlangoni akaniambia kwamba elimu yangu imempa maumivu ya kiuno. Kwenye soko la Mlola vidonge vilianza kuuzwa, na muuzaji alibandika ile picha juu ya meza. Nilimwendea, tukagombana, watu wakamtetea.

Mjomba alikuwa akifungua mlango wa mashine kila asubuhi, anafagia, anaketi kwenye benchi. Wiki zikapita hivyo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi naye tunapasua mbono chache tulizookota, tukamwona Mama Mbazi anapanda njia na debe kichwani. Nilijiandaa kwa matusi. Akalitua mbele yetu. Lilikuwa limejaa mbono hadi juu, zimeshamenywa.

Hakutuamkia wala hakutabasamu. “Kamueni hizi,” akasema. “Mimi ule mlima sipandi tena.”